Mkanda Mzima

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, kati ya kibanda changu cha kushona viatu na duka la Kinyozi, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea sokoni. Muuza kahawa huweka birika lake pembeni kuanzia alfajiri, na kabla jua halijafika kwenye mabati, wakaaji wa kudumu huwa tayari wameshika vikombe. Kuna Mkurugenzi, aliyepeleka barua maofisini miaka ishirini na hajawahi kuongoza chochote isipokuwa mazungumzo. Kuna Breki, dereva wa malori aliyestaafu, tuliyempa jina hilo kwa sababu akianza kusema hana. Na kuna mimi, ambaye mikono ina kazi lakini masikio hayana.

Siku hiyo, saa mbili hivi, Kinyozi alikuwa anaegesha gari lake mbele ya duka, likazima. Halikukohoa wala kutetemeka. Lilinyamaza tu, kama mtu aliyekatwa kauli. Kinyozi anaogopa mashine yoyote iliyo kubwa kuliko ya kunyolea, kwa hiyo hakujaribu kuliwasha tena. Alipiga simu gereji ya ng'ambo ya soko, na uso wake ulikuwa umeshuka. Saa nane mchana alitakiwa kumpeleka dada yake mkubwa hospitali kusafishwa damu. Figo za yule mama zilishachoka, na kila wiki lazima aende mara mbili. Kinyozi alilelewa na dada huyo. Gari lile alilinunua kwa ajili ya safari hizo na si kwa kitu kingine.

Gereji ilimtuma binti wa miaka ishirini na mitano hivi, ovaroli imekunjwa mikono. Alitusalimia kwa adabu, akafungua boneti na kifuniko cha plastiki ubavuni mwa injini, akamulika ndani kwa tochi, akafunga vyote.

— Mkanda wa taimingi umekatika, alimwambia Kinyozi. Shukuru ulikuwa unatambaa, huenda ndani hakujaharibika kitu. Naenda kutafuta mwingine. Saa nne niko hapa, saa saba unaondoka.

— Asante, fundi.

— Ila usiiwashe. Na isisukumwe ikiwa kwenye gia. Hata kidogo.

Akarudia mara ya pili, akitutazama na sisi, kisha akaondoka na pikapu ya gereji.

Hata vumbi lake halijatulia, Mkurugenzi akaweka kikombe chini.

— Mmemsikia? Hata kidogo. Mtu anayekukataza kugusa kitu chako mwenyewe, jiulize anaficha nini.

— Ameangalia dakika moja, akasema Breki. Mimi lori likinizimia nilikuwa nalala chini yake mchana kutwa ndipo nitoe kauli. Huyu ameinama, ameinuka, mkanda. Halafu mkanda ukikatika unalia paa. Nani amesikia paa?

Hakuna aliyesikia paa.

— Haya, Mkurugenzi akamgeukia Kinyozi. Mara ya mwisho nani aliingiza mikono humo ndani?

— Ni yeye. Mwezi uliopita, alinibadilishia oili.

— Oili.

— Oili tu, kaka.

— Oili tu. Daktari akikupasua akatoa uvimbe, unajuaje hajakuachia mkasi?

Kinyozi akatazama gari lake kwa macho ambayo hakuwa nayo mwanzo.

— Kuna dawa, Breki akapokea. Nimeisikia kwa madereva wenzangu. Wanaipaka kwenye mkanda, inaula taratibu kama mchwa. Mwezi mmoja kamili, mkanda chini, na wewe mwenyewe unawapigia simu.

— Dawa ni mambo ya kizamani, Mkurugenzi akasema. Siku hizi ni setilaiti. Ukitoka gereji, gari lako limeshaandikwa. Siku kazi zikipungua, mtu anakaa mezani, anabonyeza, gari linazima. Mimi nimepita kwenye ofisi nyingi, najua watu wanavyobonyeza.

— Lakini gari hii ina umri kuliko yule binti, akasema Kinyozi. Setilaiti itaijuaje?

— Ndiyo maana wameichagua. Gari kuukuu likifa, nani atashangaa?

Ningeweza kurudi kwenye kiatu nilichokuwa nimekishika. Kilikuwa cha mteja na kisigino chake kilikuwa bado kinaning'inia. Lakini Breki alikuwa ameshasimama na kufungua boneti, na mimi nikasimama pia. Akapenyeza mkono mbele ya injini, akashika mkanda mweusi uliozunguka puli, akauvuta na kuuachia. Ukalia kama uzi wa gitaa.

— Huu hapa, akasema. Mkanda. Mzima.

Tukainama wote wanne. Ulikuwa mzima kweli, hata ufa haukuwa nao.

— Yeye alisema mkanda wa taimingi, Kinyozi akajaribu.

— Jina tu hilo. Mkanda ni mkanda. Wa suruali utauita vyovyote, kazi yake ni kuzunguka.

Mkurugenzi akafunga boneti taratibu, kama hakimu anayefunga faili.

— Kesi imeisha. Binti amedanganya.

Sasa niseme na langu, maana ningeweza kulipita na hakuna ambaye angejua. Breki hakusema tulisukume. Mkurugenzi hakusema. Walikuwa wamefurahi kumkamata binti wa watu kwenye uongo, na huenda wangerudi kwenye kahawa yao mpaka saa nne. Mimi ndiye niliyetazama ule mteremko.

— Gari ya gia ya mkono, nikasema, haihitaji fundi. Inahitaji mteremko.

Wakanigeukia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwenye benchi lile.

— Lakini alisema isisukumwe, akasema Kinyozi.

— Na alisema mkanda umekatika, nikamjibu. Umeuona umekatika?

Kinyozi akafungua mlango. Akaingia, akageuza ufunguo mpaka taa zikawaka, akaweka gia ya pili na kukanyaga klachi. Sisi watatu tukashika buti. Gari likasogea, likashika kasi lenyewe, na Breki akapaza sauti kwamba aachie klachi. Kinyozi akaachia.

Sijui niuelezeje ule mlio. Ni kama vijiko vingi vimedondoka kwa pamoja kwenye karai. Magurudumu ya mbele yakaburuzika, gari likainamisha pua, likasimama katikati ya barabara. Kinyozi alibaki ndani, mikono kwenye usukani.

— Limejaribu kushika, akasema Breki, lakini kwa sauti ndogo.

Binti alirudi saa nne kasoro na boksi dogo kwapani. Alilikuta gari mita hamsini chini ya pale alipoliacha. Alifungua boneti, akafungua na kile kifuniko cha ubavuni, akamwita Kinyozi, na sisi tukajikuta tumemfuata. Ndani kulikuwa na mkanda mwingine ambao hatukuwahi kujua kama upo, wenye meno upande mmoja, umelala umekatika vipande viwili.

— Ule wa nje unazungusha feni na kuchaji betri, alisema. Huu wa ndani unapanga vali na pistoni zisigongane. Ukikatika, kila moja inakwenda inavyotaka. Mkizungusha injini hivyo, pistoni zinapiga vali, vali zinapinda.

— Kwa hiyo sasa? akauliza Kinyozi.

— Sasa nitaivuta gereji, nifungue juu yote. Saa mbili ilikuwa mkanda, baba. Sasa hivi ni injini.

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Wakati huo dada mkubwa wa Kinyozi alikuwa anateremka barabara, mfuko wa hospitali begani. Alikuwa amesikia gari lina shida, akaamua kuja mapema kuangalia. Tulimwamkia, shikamoo zikapishana. Hatukuwahi kumwona benchini, maana huwa anapita ndani ya gari, dirisha limefungwa. Alimtazama mdogo wake, akalitazama boksi mkononi mwa binti, akatutazama sisi na vumbi la buti viganjani mwetu. Binti akamweleza kwa maneno machache, bila kutia chumvi.

Yule mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kama anavyouliza mtu aliyepoteza ufunguo:

— Nani alisema isukumwe?

Mkurugenzi akatazama barabara. Breki, ambaye hana breki, safari hii alizipata, akageukia soko. Kinyozi alikuwa na haki ya kunyoosha kidole, na hakunyoosha. Na mimi nilikuwa na jibu mdomoni, fupi kabisa, neno moja tu, nikalimeza, macho chini.

Yule mama akahamishia mfuko bega la pili. Halafu akamgeukia binti.

— Mwanangu, hiyo pikapu yako inapita karibu na hospitali?

— Nitapita, mama. Saa saba nitakuja kukuchukua nyumbani.

Na kweli alikuja. Alimpeleka siku hiyo, na alimpeleka wiki tatu zilizofuata, mpaka injini ilipofungwa upya. Kinyozi alikuwa anakaa nyuma, kwenye bodi wazi, pamoja na vyuma.

Siku ya nne baada ya mkasa ule nilikwenda nyumbani kwa yule mama nikamwambia ni mimi. Alikuwa amelala kochini, mkono umefungwa bandeji. Alinisikiliza, akaniambia alijua tangu siku ile, maana wenzangu walitazama pembeni na mimi peke yangu nilitazama chini. Akaniuliza kama nimeshamwambia binti.

Nikasema bado.

— Basi hujamaliza, akasema, na akafumba macho.

Niliporudi benchini, Mkurugenzi alikuwa anamweleza mteja mmoja wa Kinyozi, kwa utulivu mkubwa, tofauti ya mkanda wa nje na mkanda wa ndani. Alisema yeye alijua tangu mwanzo. Muuza kahawa akanijazia kikombe. Sikukaa. Nilivua aproni, nikavuka soko kwenda gereji.