Mstari Mweupe kati ya Damu Yangu na Nyasi

Bwana asifiwe! Itikieni tena, ndugu zangu, maana mimi huhesabu kila kitu mara mbili, hata amina za watu.

Miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa nauza nyasi. Msicheke! Nilizikata huku kwetu Muleba, nikazifunga mizigo, nikazipeleka Hamugembe kwa watu waliotaka kutandika sakafu kama walivyotandika babu zao. Mhaya hamkalishi mgeni kwenye udongo mtupu. Nyasi zilizolowa zikapata ukungu hakuna aliyezinunua, nami sikuwa mtu wa kutupa. Nilizitandika nyumbani kwangu.

Mke wangu Koku ndiye aliyezitandaza. Jioni ile ile homa, kikohozi, pumzi inakatika. Alipokwenda kwa mama yake kisiwani Bumbire alipona. Aliporudi kwangu alilala chini tena. Majirani walisema amerogwa. Mimi nilisema anapenda kwao. Ndugu zangu, Koku alikufa juu ya nyasi zile, na waombolezaji walipokuja niliwatandikia nyingine kutoka rundo lile lile.

Kisha ikawa zamu yangu. Kule zahanati wakasema ni kifua kikuu. Kikombe changu kikatengwa, watoto wangu watatu wakapelekwa kwa shangazi yao Bilele, wakakatazwa kuja. Nilichomwa sindano nikazihesabu mpaka nikachoka, kifua hakikujali. Wapendwa walikuja kuniombea, nami kwa heshima yao nikatandika upya. Wakaondoka wakiimba, mimi nikazidiwa. Nilimwambia Mungu, "Baba, maombi haya yataniua!"

Nilibebwa kwa machela mpaka hospitali ya misheni. Huko wodini, kwenye saruji, nilianza kupumua. Makohozi yangu yalipimwa, kifua kikuu hakikuonekana. Ndipo fundi wa maabara, mzee tuliyemwita Ta Petro kwa heshima, akaja kitandani.

"Waitu, ndugu yangu, hapa unapata nafuu. Kwako kuna nini?"

"Nyasi tu."

"Basi ziletwe."

Dada yangu akaleta konzi mbili, za zamani na mbichi. Ta Petro alikuwa na kisahani cha kioo chenye utelezi ulioganda kama jeli, uliopikwa kwa unga wa mwani. Akatoboa vishimo. Katikati akatia maji yaliyojitenga na damu aliyonitoa. Pembeni akatia maji ya nyasi za ukungu, ya nyasi mbichi, na maji ya chumvi matupu. Akanieleza kwamba vyote husambaa polepole ndani ya utelezi. Kama damu yangu imekwisha pigana na ukungu ule, itakuwa na askari wake, na pale watakapokutana utabaki mstari mweupe.

Tulingoja siku mbili. Ndugu zangu, niliomba mstari usitokee! Maana nilikwisha elewa. Kama ni nyasi, basi ni nani aliyemuua Koku?

Akaniita kwenye dirisha la maabara, penye mwanga. Upande wa nyasi mbichi, hakuna kitu. Upande wa maji ya chumvi, hakuna kitu. Upande wa ukungu, mstari, mwembamba kama uzi wa mshonaji. Nikahesabu tena. Mmoja.

"Ta Petro, tuseme ni kifua kikuu tu, nimeshakizoea."

"Hapa hatupatani bei, waitu. Hii siyo ndizi."

Daktari alisema mstari peke yake hautoshi, lakini ukiunganisha na homa zangu na nafuu ya wodini, njia ni moja: nisiziguse tena. Nililia mbele yao kama mtoto, si kwa furaha. Nilitubu pale pale, na Bwana hakuniambia kwamba sikukosa. Alinipokea tu.

Leo sakafu yangu ni udongo mtupu. Wageni hunung'unika, na wanung'unike. Watoto wamerudi. Mkubwa aliniuliza mama yao alikufa kwa nini, nikamwambia yote. Hajaniita baba tangu siku ile, ila hulala chini ya paa langu, na kifua chake ni kizima. Kwa hilo nashukuru, nashukuru!

Ninyi mnaokohoa na kutaja majina ya majirani, acheni. Na kama yuko hapa anayekataa kupimwa kwa kuogopa jibu, namjua mtu huyo. Mwamini Bwana, hata jibu likiwa chungu. Njoo mbele sasa. Kesho asubuhi nitakusindikiza mpaka pale dirishani, na nitasimama nawe mpaka uangalie.