Fundi Pastory na Geji Iliyomgeuka

Tarehe 31 Desemba 1957 Fundi Pastory Muhangi anaweka spana chini, baada ya kuutumikia mgodi wetu wa bati kwa miaka ishirini na sita. Karani ndiye aliyepaswa kuandika habari hizi, lakini yuko likizo. Wenzangu wamesema niandike mimi, mpakiaji wa magunia kutoka Kasulu, kwa kuwa nimepanda lori moja na Fundi kwa miaka mingi na darasa la tatu nililifikia. Nitaandika kama nilivyoona.

Fundi alikuja kwa miguu kutoka kwao Bweranyange mwaka 1931, akaanza na sururu kama sisi wote. Hakukaa shimoni sana. Toroli la msimamizi lilikuwa likipiga kelele kama mbuzi aliyefungwa, Pastory akalipindua wakati wa chakula, akalifunga upya na kulipaka mafuta ya nyama ya mchana ule. Nyama aliikosa, lakini gereji aliipata. Huko alifundishwa na fundi mmoja Singasinga aliyekuwa mkali na mwenye mikono mizuri, na alipoondoka, funguo za gereji zilibaki kwa Pastory.

Ni mtu wa maneno mengi, sitaficha. Alikuwa akisema kwamba lori likiwa bado mbali kule Isingiro, yeye huku gereji anasikia ni nati gani imelegea. Siku moja alisimama uani, akainua kidole, akatangaza kuwa springi ya nyuma ya lori letu inakuja imevunjika. Kilichotokea kwenye kona kilikuwa pikipiki ya padri. Tulicheka mpaka kengele ikalia, naye akatuambia kwamba hata hiyo pikipiki ina kasoro.

Mwaka 1951 tulipata lori la kwanza la dizeli. Tuliliita Mama Mkwe, maana hakuna aliyethubutu kuligusa ovyo. Dereva wake ni Yustasi Tumwine, mtoto wa wafugaji wa Kyerwa, mtu mpole, mwenye watoto wanne. Kazi yake ilikuwa kupeleka bati Bukoba na kurudi na mapipa ya dizeli.

Mapipa yale yalikuwa na kutu na wadudu, kwa hiyo dizeli ilichujwa kwa kitambaa kabla ya kuingia kwenye tangi. Shida ni kwamba vitambaa havikukaa. Leo unakiona kwenye faneli, kesho unakiona kimekuwa kiraka cha kaptura ya mtu. Fundi akapata akili ya nyumbani. Kwao, kama kwa watu wote wa hapa, ndizi za pombe ya rubisi hukamuliwa kwa majani makavu, na juisi hushuka safi huku uchafu ukibaki kwenye majani. Basi akashindilia majani yale yale kwenye faneli. Dizeli ikashuka inang'aa. Meneja alimpa koti la mvua kwa uvumbuzi huo, na wenye lori la kahawa pale Ihanda wakaja kujifunza. Fundi alilivaa koti lile hata kiangazi.

Mwaka 1954 Mama Mkwe akaanza kuzimika. Si kila mahali, bali kwenye mlima wa Ihanda tu, akiwa amebeba. Atapanda nusu, atakohoa, atakufa. Ukingoja kidogo ukawasha, anawaka kama hakuna kilichotokea. Fundi alifungua pampu akasafisha, akafungua nozeli za kunyunyizia dizeli akasafisha, hakuona kitu. Alipokosa kitu kwenye injini, alikipata kwa dereva.

"Lori si ng'ombe, Yustasi," alimwambia mbele ya watu. "Halipandi mlima kwa kupigiwa mluzi. Linataka mguu."

"Mguu ninaukanyaga mpaka mwisho, Fundi."

"Mwisho wa nini? Wa kiatu?"

Watu walicheka. Yustasi hakucheka, maana meneja alikuwa ameshasema: mzigo ukichelewa tena mwezi ule, Yustasi atashuka kwenye usukani na kurudi shimoni. Shimoni nakujua. Mtu aliyezoea usukani akirudi huko, familia yake yote inashuka naye.

Ndipo Fundi akaomba geji ya umeme ya kupima msukumo wa dizeli. Alisema wazi kwa nini anaitaka: dizeli ikionekana inafika kwa nguvu na lori bado linazimika, kosa litakuwa la mguu wa Yustasi, na maneno yatakwisha. Meneja akakubali. Geji ikaja kwenye kiboksi, na Jumamosi tukamzunguka Fundi kama watu wanaotazama ngoma.

Kwanza alitoa waya wa betri. Kisha akakata bomba kati ya pampu ndogo inayovuta dizeli na chujio la injini, akaweka kiungo cha njia tatu, na juu yake akakaza kile kichwa cha kupimia. Alitueleza, tutake tusitake, kwamba uzuri wa geji ya umeme ni huu: dizeli inabaki huku kwenye injini, ndani ya kabini unaingia waya tu. Ile ya zamani ya bomba iliwahi kupasuka ikamwogesha Yustasi, na mkewe, Kemirembe, akamlaza jikoni siku mbili kwa harufu. Waya aliupitisha mbali na ekzosi, akaufunga kila mahali usicheze. Tundu la dashibodi alilitoboa kubwa mno, akasema amefanya makusudi, akaziba pengo kwa pete ya mpira wa tyubu.

Aliporudisha waya wa betri na kuwasha swichi, mshale ukacheza kama mlevi. Akaitukana geji, akawatukana walioitengeneza. Halafu akakwangua rangi pale waya wa pili wa geji ulipofungwa kwenye chuma cha bodi, umeme upate kupita, akaukaza tena. Mshale ukatulia. Akalegeza skrubu ya chujio, akapampu kwa mkono mpaka mapovu ya hewa yakaisha, akakaza, akawasha injini. Mshale ukapanda, ukasimama katikati.

"Mnaona?" alisema. "Dizeli hiyo inafika. Jumatatu nakwenda mwenyewe."

Jumatatu tulikaa watatu kabini: Yustasi kwenye usukani, Fundi katikati akiwa na koti lake, mimi mlangoni. Mlima ulipoanza, Fundi hakutazama barabara. Alikuwa akitazama mguu wa Yustasi. Ulikuwa umekanyaga mpaka chini. Akatazama geji. Mshale ulikuwa unashuka.

Akagonga kioo cha geji kwa kidole. Mshale ukazidi kushuka. Mama Mkwe akakohoa, akafa pale pale alipozoea.

"Mguu wangu huo hapo, Fundi," Yustasi akasema taratibu. "Usije ukasema niliuficha."

Fundi alishuka. Dizeli haikuwa inafika, na kama pampu ni nzima, basi imezuiwa kabla ya pampu. Akaenda kwenye tangi, akafungua bomba. Ilidondoka kidogo kidogo kama pua ya mtoto. Akaingiza waya, akavuta. Likatoka donge la majani, limelainika, linanuka dizeli.

Sote watatu tuliyajua majani yale. Vipande vyake vilikuwa vikishuka kwenye faneli kila siku na kujikusanya tangini. Mlimani, injini ikivuta sana, vinakwenda kuziba mdomo wa bomba. Injini ikizimika, havivutwi tena, vinaachia, na lori linawaka.

Yustasi alilitazama donge akasema, "Mawe, mama yangu! Tumekuwa tukimnywesha Mama Mkwe rubisi."

"Nyamaza kwanza," Fundi akasema. Akaliweka donge mfukoni mwa shati, akafunga bomba, tukapanda mlima bila kusimama. Mpaka Bukoba na kurudi hakusema neno. Kwa Fundi Pastory hiyo ni habari kubwa kuliko geji.

Nasema ukweli, mimi nilidhani donge litatupwa. Angeweza kusema bomba lilikuwa na kutu. Yustasi ni mtu wa heshima, asingembishia mzee, na mimi nani angenisikiliza? Lakini asubuhi yake, wakati wa kuitwa majina, watu wote wamesimama na meneja yuko mbele, Fundi alitoka kwenye mstari. Alikuwa amelikunja koti la mvua mkononi.

"Yustasi hana kosa," alisema. "Lori lilizibwa na majani haya. Majani ni yangu, faneli ni yangu, na maneno niliyomsema Yustasi ni yangu pia. Nimeyakosea yote matatu."

Akampa meneja donge na koti. Meneja alipokea donge, koti akamrudishia, akaagiza wavu wa shaba wa matundu madogo kutoka Bukoba. Yustasi akaambiwa apande lori, mzigo unangoja. Mchana Fundi akaazima baiskeli, akaenda mwenyewe Ihanda kuwaambia wenye lori la kahawa waache majani. Walimcheka sana. Akawaacha wacheke, kisha akawasafishia tangi.

Tangu wakati ule gereji yetu ina desturi ambayo haikuandikwa popote: mtu akiharibu kitu, anakuja kusema kabla ya chai. Hakuna anayemtupia mwenzake kosa lake. Fundi amefundisha mafundi sita, na hilo wote wamelishika kuliko hata kazi ya nozeli.

Leo vitanda vyake, kuku wake na mkewe Dafroza wako tayari juu ya lori la kuwapeleka Bweranyange. Tulimwomba Yustasi aseme maneno machache kwenye sherehe akakataa. Alisema yeye ataendesha, basi.

Asante, Fundi Pastory, kwa mikono yako na kwa asubuhi ile uliyotoka kwenye mstari. Sisi tuliobaki huku mbali na kwetu tunakuonea wivu kidogo kwa kulala usiku wa leo kwenye nyumba yako. Mungu akupe afya, migomba yako izae, kengele ya mtu yeyote isikuamshe tena. Na watu wa Bweranyange awape uvumilivu wa kukusikiliza.