Vitabu Vilivyovaa Kitenge

Wasikilizaji wapendwa, mvua ya Bunia imetulia kidogo, na mimi Kamate niko nanyi. Sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Mama Émilienne wa Mudzipela, hapa hapa mjini, mshonaji, aliyewapa vitabu watoto waliokimbia vita kila Noeli. Alikufa mwezi uliopita, Noeli ikiwa imekaribia. Nasema tena kwa waliofungua redio sasa hivi: Mama Émilienne, mshonaji wa Mudzipela, hatuko naye tena.

Alizaliwa Bule. Alifundisha shule ya msingi kule mpaka siku shule ilipochomwa. Akakimbilia Bunia na binti yake Prudence, mashine ya kushona kichwani. Mashine, jamani, si godoro! "Mama alisema godoro haishonake," ananiambia Prudence.

Noeli ya kwanza alikusanya vitabu vya zamani kwa walimu wenzake, akavipeleka kwenye site moja ya mbali, kule watu waliokimbia vita Djugu wanaishi chini ya mahema. Sasa ninyi mnajua Noeli yetu. Noeli ni nguo mpya. Mtoto asiye na nguo ya Noeli anajificha ndani siku nzima. Habari ilikuwa imetembea kwamba fundi wa nguo anakuja na mifuko. Akina mama wakawaogesha watoto, wakawasimamisha tayari kupimwa. Mfuko ukafunguliwa. Vitabu! Tena vikuukuu.

Mama mmoja, Fanny, hasira zikampanda. Akamsukuma mbele mwanawe Destin. "Weye mama, mutoto wangu atavaa kitabu?"

Émilienne alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akamjibu: "Uko na haki, Mama Destin. Mwaka kesho kitabu yenyewe itavaa."

Na kweli ikavaa. Mwaka mzima aliweka mabaki ya vitenge vya wateja. Aling'oa majalada yaliyochanika, akashonea kila kitabu jalada jipya la kitenge. Siku ya Noeli watoto wakazunguka site nzima wakitambiana: "Ona yangu! Yangu iko na ndege!" Fanny naye akalainika, maana Destin alilala na kitabu chake kifuani.

Mwaka huu Émilienne alitaka jambo moja tu: asikose kitabu hata mtoto mmoja. Vitabu vilikuwa vingi kuliko miaka yote. Ili asichelewe, akang'oa majalada yote kwanza, akavipanga vitabu jikoni karibu na mbabula, lile jiko la makaa, pahali pakavu. Akaanza kushona. Homa ikamkuta kwenye mashine. Prudence alimwambia apumzike, akakataa. Alivalisha vichache tu, kisha akashindwa kuinuka.

Siku ya mazishi mvua ilipiga toka asubuhi. Watu walijaa kwenye kilio, na watu wa kilio lazima wale. Makaa yalikuwa yameloa. Bernadette, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa ametoka Mahagi-Port. Hakujua kazi ya mdogo wake. Akaona marundo ya karatasi kando ya mbabula, hayana jalada, hayana jina. Akawashia moto.

Prudence aliporudi kutoka makaburini akakuta sufuria inachemka. "Nilimukuta mama mukubwa anapuliza," anasema, "na kurasa ya mwisho iko mukononi mwake."

Tusimlaani Bernadette. Alikuwa anapikia wageni wa mdogo wake. Toka siku ile hataki kukaa jikoni. Ananiambia: "Nilizani ni makaratasi ya bure. Nimeunguza jasho ya mudogo wangu." Inauma. Naisema inavyouma.

Siku ya Noeli, Prudence alikwenda site na vile vichache vilivyovaa. Havikutosha hata kidogo. Watoto wengi walibaki mikono mitupu, wakiutazama mfuko. Destin alikuwa mmoja wao. Akamfuata Prudence mpaka barabarani. "Haina neno, yaya Prudence. Ambia mama tutamungoya."

Kule hakuna aliyejua msiba. Prudence akaukunja mfuko. Akasema: "Nitamuambia." Akapanda pikipiki, akalia mpaka Bunia.

Jana alikuja hapa studio. "Papa Kamate, useme weye. Miye nimeshindwa. Kule wanasikilizaka kipindi yako."

Prudence, Mama Bernadette, jamaa yote ya Bule na Mudzipela, poleni sana. Mungu awashike. Na wewe unayenisikiliza, ambaye vitabu vya watoto wako vinaliwa na mchwa chini ya kitanda, fikiri. Fikiri usiku wa leo.

Fanny, Mama Destin, kama uko karibu na redio, mwite mtoto. Mkalishe karibu nawe.

Destin, ni Papa Kamate. Mama Émilienne alikufa, mwanangu. Usimngoje tena.