Njia ya Dada na Wakubwa Walioivuta

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na historia hii naisoma nzima, pamoja na aya ambayo kamati ya mazishi iliniomba asubuhi hii niiruke kwa heshima ya Baba Mkubwa, aliyeketi hapa mbele.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa fundi cherehani, akaanza shule ya msingi mwaka 1981, na baba alipofariki Juni 1990, Baba Mkubwa alitupokea, akatulisha, akawazuia waliotaka kutunyang'anya nyumba, na mwezi huohuo akamtoa dada, aliyependa kusoma habari za nyota, sekondari ili ampimie misumari dukani, akisema nyota hazijazi sufuria. Alipima misumari miaka miwili, akarudi darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake wote, wakamwita Shangazi, naye akawaacha mbali kwenye mitihani.

Mwaka 2003 aliajiriwa chuo kikuu, akachunguza jinsi sayari kubwa, Mshtarii na Zohali, zinavyozivuta kutoka mbali Dunia na sayari nyingine ndogo za mawe, hata njia ya Dunia kulizunguka jua ikarefuka kidogo kama yai, kisha ikarudi karibu na duara, kwa makumi ya maelfu ya miaka. Wenzake wanakumbuka siku walipoziondoa zile mbili kwenye hesabu ili kompyuta iende haraka, njia ya Dunia ikatoka tulivu kama ukingo wa sahani, wakapongezana, naye akawauliza familia isiyo na wakubwa wameiona wapi, akawarudisha kuanza upya.

Alifunga ndoa tarehe 13 Agosti 2005 na fundi saa, wakajaliwa binti na mvulana, hao walioketi kando ya jeneza.

Februari 2023 figo zake zilishindwa kufanya kazi, sisi wadogo zake wawili tukajitolea kupimwa ili mmoja ampe yake, Baba Mkubwa akasema hakatwi mtu kabla ukoo haujaketi, kikao kikaahirishwa mara tatu, mara ana mgeni, mara ana mafua, nasi tukangoja kama tulivyolelewa kungoja, na ruhusa ilipotoka madaktari walisema mwili wake hauhimili tena kisu. Alifariki Jumanne, tarehe 7 Novemba. Hiyo ndiyo aya niliyoombwa niiruke.

Yeye mwenyewe hakumlaumu, alisema mkubwa hana chuki, ana uzito tu, na kwamba mvuto uleule wa sayari kubwa unaotutupia baadhi ya mawe ya angani ndio unaotukinga na mengine. Nimejaribu kusema hivyo tangu Jumanne, ulimi umekataa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, majirani ambao hawajaondoka kwetu, wenzake wa chuo waliokuja na viti vyao wenyewe, na Baba Mkubwa kwa nyumba ambayo tunaishi hadi leo. Kwa kile kikao, sina shukrani.

Pumzika kwa amani, dada, njia yako nimeisoma yote, na wakubwa wamo.