Benchi la Bi Maeng na Kimo cha Seo-rin

Benchi la mbao mbele ya duka la Bi Maeng, kwenye mtaa wa tuisheni pale Daegu, limeshatatua matatizo yote ya dunia isipokuwa la mguu wake mmoja, ambao unacheza tangu mwaka juzi. Kahawa ya pale ni ya pakiti. Unamimina unga kwenye kikombe cha karatasi, unatia maji ya moto, unakoroga kwa pakiti ileile tupu, na kuanzia hapo wewe ni bingwa wa jambo lolote litakalotajwa. Alhamisi ile, saa nane mchana, mabingwa walikuwa watatu. Kulikuwa na Sajini, aliyestaafu jeshini akatoka na mgongo ulionyooka na sauti isiyojua kunong'ona. Kulikuwa na Daktari Karatasi, ambaye maisha yake yote aliuza miwani, lakini hakuna karatasi ya ndani ya boksi la dawa iliyowahi kumpita bila kusomwa. Wa tatu alikuwa Mzee Pyo, fundi mstaafu wa mabasi, ambaye mtaa mzima unamwita Spana.

Spana hakuwa na raha. Mjukuu wake Seo-rin, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa wa mbele kabisa kwenye mstari wa darasa lao, na mstari wenyewe hupangwa kwa kimo. Walishajaribu kila kitu: mchuzi wa mifupa ya ng'ombe, dagaa, dawa ya miti shamba yenye pembe za kulungu, hata tuisheni ya kuruka kamba, maana mtaa ule mtoto haruki bila mwalimu. Sasa mkwewe, mama wa mtoto, alikuwa na miadi ya kliniki kesho yake asubuhi. Daktari akikubali, Seo-rin angeanza kuchomwa sindano ya homoni ya ukuaji kila jioni, kwa miaka. Na kwa kuwa wazazi wote wawili hurudi kazini usiku, wa kumchoma angekuwa babu. Spana amefungua injini za mabasi zisizo na idadi bila mkono kutikisika. Sindano hii ndogo ndiyo iliyomshinda tangu Jumatatu.

— Yaani nimchome mimi, alisema. Tumboni. Kila siku.

— Wewe si fundi? Sajini akamwambia. Chukulia unatia grisi.

— Grisi haikuangalii usoni, bwana.

Daktari Karatasi akakohoa, na wenzake wakajua mhadhara umeanza. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nane, akaieleza hali ilivyo. Chini ya ubongo, alisema, kuna kitezi kidogo kama punje ya njegere. Hicho ndicho kinachomwaga homoni ya ukuaji, ila hakijiamulii. Juu yake kuna sehemu ya ubongo inayokitumia wajumbe wawili: mmoja anakiambia mwaga, wa pili anakiambia acha. Na hakimwagi mfululizo. Kinamwaga fungu, kinatulia, kinamwaga tena.

— Kumbe ni mafuta na breki, alisema Spana, na kwa mara ya kwanza wiki ile akapumua vizuri. Kitu chenye breki alikuwa anakielewa.

— Hayo ni makao makuu yanayotoa amri mbili zinazopingana, Sajini akasahihisha. Nimetumikia miaka thelathini, huo ndio utaratibu wa kawaida. Dawa yake ni kumsimamisha mtoto wima kila asubuhi, unamwamuru akue.

— Ukishamwamuru? Spana akauliza.

— Anapiga saluti, anakua.

Karatasi hakujali. Akaendelea kwamba tumbo nalo lina ujumbe wake: likiwa tupu linapeleka habari kichwani, na homoni inaongezeka. Hapo Sajini akaona njia imefunguka. Basi mtoto anyimwe chakula. Bi Maeng, aliyekuwa ndani akipanga biskuti, akatoa kichwa dirishani.

— Huyo mtoto anakula tambi za kikombe hapa kwangu akiwa amesimama, dakika saba, kati ya Kiingereza na hesabu. Mmnyime na hizo?

Wakaachana na tumbo, wakahamia kwenye ini. Homoni ikifika huko, Karatasi alisoma, ini linatoa kitu kingine ambacho ndicho kinachosaidia mifupa kurefuka. Kitu hicho kikijaa kwenye damu, kichwa kinapata habari kwamba imetosha, na kitezi kinapunguza.

— Kumbe mmbea ni ini, alisema Sajini. Tulilevye kidogo lisahau kuripoti. La kwangu halijaripoti kitu tangu nistaafu.

— La kwako lilishazikwa, Bi Maeng akajibu kutoka dirishani.

Spana hakucheka. Alitaka kujua jambo moja tu, akaliuliza kifundi. Ni kitu gani hasa kinachoiachia ile breki, ili fungu kubwa limwagike? Karatasi akaisogeza karatasi machoni, akaigeuza, akaigeuza tena.

— Kuhusu hilo wameeleza vizuri sana, alisema. Ila hapo ndipo nilipomwagia kahawa.

Ndipo Bi Maeng akatoka nje kabisa na kitambaa chake mkononi, akauliza swali ambalo bibi yeyote wa Daegu angeanza nalo. Mtoto anayekua huota anaanguka kutoka juu. Je, Seo-rin ameota?

— Namuuliza kila asubuhi, alisema Spana. Anasema hajaota.

— Hajaota anaanguka, au haoti?

— Haoti kabisa.

Hilo likawashtua mabingwa. Sajini akapendekeza mtoto aning'inizwe miguu juu kwenye chuma cha mazoezi, kitezi kiinamishwe, kimwagike chenyewe. Karatasi akapinga vikali, kwa kuwa homoni ingekusanyika utosini na mtoto angerefuka kichwa. Wakabishana kuhusu nyuzi za kumwinamisha. Sajini alisema arobaini na tano. Karatasi alisema hawezi kukubali zaidi ya thelathini kwa mtoto wa umri ule.

Wakati huo mama mmoja anayesambaza maziwa ya mgando madukani alikuwa ameshaegesha mkokoteni wake wa umeme. Alikuwa mgeni kwenye njia ile, ana siku nne tu, kofia bado mpya. Alikabidhi maziwa, akawa anamsubiri Bi Maeng asaini.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Huyo mtoto analala saa ngapi?

Sajini akamtazama Karatasi. Karatasi akalitazama doa la kahawa. Bi Maeng akaanza kufuta meza ambayo alishaifuta. Hakuna aliyejua, isipokuwa Spana, na yeye angefurahi kama asingejua.

Saa nne usiku Spana humpokea Seo-rin kwenye geti la tuisheni ya hesabu. Nyumbani mtoto hukaa mezani na kazi za kesho, na babu hukaa kiti cha pembeni. Kazi yake, ambayo ukoo mzima unamsifia, ni kumgusa bega kichwa kikianza kuinama. Saa sita humpa maziwa ya ndizi yenye sukari nyingi ili achangamke. Mwaka mzima hakuwahi kukiacha kichwa kile kifike mezani hata mara moja.

— Saa saba na nusu, alisema.

— Za usiku?

— Za usiku. Saa kumi na mbili anaamka, ana maneno ya Kiingereza ya kukariri.

Mama wa maziwa alichukua saini yake, akaaga vizuri kabisa, akaondoka na mkokoteni. Spana aliona aibu iliyompanda hadi masikioni. Laiti angetukanwa.

— Lakini mtaa mzima wanalala saa hizo, Sajini alijaribu kumwokoa.

— Ndiyo, alisema Spana.

Kesho yake daktari mwenye vyeti vitatu ukutani aliitundika picha ya mifupa ya mkono wa Seo-rin kwenye taa, akaitazama kwa muda, kisha akawauliza swali lilelile la mama wa maziwa. Alisema fungu kubwa la homoni hiyo humwagika mtoto akishazama kwenye usingizi. Akachukua damu ya vipimo. Sindano huenda ikahitajika, alisema, na huenda isihitajike, lakini kwanza alitaka kumwona tena baada ya miezi mitatu ya kulala saa tatu na nusu usiku. Mkwe wa Spana akasema mtihani wa hesabu uko karibu. Spana, ambaye huwa habishani na mkwewe, akasema yeye bega la mtoto hagusi tena. Mama Seo-rin hakumsemesha siku nne. Siku ya tano akaifuta hesabu ya usiku kwenye ratiba, bila kumwangalia.

Jumapili ya wiki ya tatu Seo-rin alikuja mwenyewe kwenye benchi, amekunja uso.

— Babu, jana nimeota naanguka.

Vikombe vyote vilisimama hewani.

— Kutoka wapi? aliuliza Spana.

— Juu ya paa la tuisheni ya hesabu.

— Ukashtuka? Karatasi akadakia, karatasi na kalamu tayari mkononi.

— Sikushtuka. Nikaendelea kulala.

Akapiga miayo, akajinyoosha kwenye benchi, akaweka kichwa kwenye paja la babu yake, na kabla Bi Maeng hajamfikia na blanketi alikuwa ameshalala mchana kweupe. Kichwa kilikuwa kimeinama hadi pajani. Mkono wa Spana, kwa mazoea tu, ukanyanyuka kuelekea begani.

Sajini akaudaka ukiwa hewani. Na mtu ambaye mtaa ule haujawahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo, alinong'ona.

— Mwache.