Nani Alishika Usukani?

Mnisamehe mapema: hadithi hii nitaisimulia vibaya. Kule Bukavu, kwenye kundi letu la maigizo, kiongozi wetu alikuwa akisema Kalala, yaani mimi, huingia jukwaani kabla hajaitwa, na hutoka watu wameshafika nyumbani. Sijapona. Nikiruka mahali, vumilieni. Nikirudia mahali, chekeni kama mara ya kwanza.

Basi, ni Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, Februari 2001, Jumatano asubuhi, vita ya pili kule kwetu ikiwa katikati ya mwaka wake wa tatu. Benchi letu ni ubao wa kitanda uliolazwa juu ya matofali, kando ya jiko la Solange muuza kahawa. Mbele ya benchi limesimama gari la Balagizi, kuukuu, lile la kuvuta kwa magurudumu manne, ambalo lilitoka Bukavu pamoja naye na ndiyo maana tunaliita Mukimbizi. Ndani yake, kiti cha mbele, mlango wazi, amekaa Mama Gertrude: kitenge kipya, bahasha magotini. Saa nne kamili anatakiwa Lilongwe, ofisi ya wakimbizi, kwa mahojiano. Watoto wake wawili walipotezana naye siku watu wanaikimbia Uvira. Sasa wameonekana Kigoma, wazima, na leo ndiyo siku ya kuwaandikisha kwenye faili lake ili waletwe. Asipoitika jina, faili linarudi chini ya rundo, na lile rundo sote tunalijua urefu wake. Kwa kuwa Balagizi alimwahidi gari, Mama aliiacha kamioneti ya alfajiri ipite. Saa moja na nusu Mukimbizi akawaka, akaenda hatua mia, akaanza kulia chini ya sakafu: wiiiiiii. Kila anapoongezwa mwendo, anapandisha sauti. Balagizi akageuza, akamrudisha mbele ya benchi, akazima.

— Tangu Jumatatu analia hivi, akasema. Leo njo amezidi. Sitembei naye paka nijue ni nini. Akinivunjikia mu njia, nitakula nini?

Mnajua Dzaleka: hakuna tatizo lisiloundiwa kamati. Tuliwahi kuwa na kamati ya mbuzi mmoja. Kabla Solange hajamimina kikombe cha kwanza, Balagizi alishakuwa prezida, kwa sababu alifundisha jiografia na gari ni lake. Sindayigaya, Mrundi anayetengeneza redio, tunayemwita Fuzi, akawa sekretere, kwa sababu ndiye mwenye daftari. Mimi na Guelord, mwimbaji wa kwaya mwenye mwili wa beberu na sauti ya msichana, tukawa washauri.

— Andika, Balagizi akamwambia sekretere. Chanzo ya kwanza: kimo. Bukavu tulikuwa juu sana. Hewa nyepesi. Huku tumeshuka, hewa iko nzito. Motokari inahema.

— Inahema na pua gani, Mwalimu? nikauliza.

— We ulisomea kuchekesha, Teatre. Acha benye walisoma.

— Miaka mbili iko huku, haikuhema, Guelord akasema. Imengoja Jumatatu?

— Ilikuwa inavumilia.

Fuzi akaandika: *ilikuwa inavumilia*. Kisha akaweka kalamu sikioni.

— Sasa sekretere naye aseme. Ile sauti mi naijua. Ni redio.

— Redio iliibiwa kule Kigoma, Balagizi akasema.

— Redio iliibiwa, waya zilibaki! Waya zinashika mawimbi. Mwalimu, ukipanda Capital Hill, pale kwa maministri, si sauti inaongezeka?

— Pale kuko mlima. Naongeza mafuta.

— Pale kuko antena! Kila ministri na antena yake. Iyi motokari inasikia siri za serikali, na haijui Kiingereza, njo maana inalia.

Mama Gertrude akaita kutoka garini:

— Baba zangu, saa ngapi?

— Saa mbili kasoro, Mama. Kamati inafanya kazi.

Kikombe cha pili. Guelord akainuka, akamwomba Balagizi awashe gari na kulisogeza kidogo, mbele na nyuma. Likasogea. Wiiiii. Guelord akafumba macho, akatafuta noti, akaipata, akaimba pamoja nalo. Nasema kweli mbele yenu, walipatana. Watu watatu wa foleni ya maji waligeuka kutazama kanisa liko wapi.

— Muliisikia? akasema, jasho likimtoka. Ile haiko chuma. Ile ni kilio ya muntu. Iyi motokari ilibeba nini mu vita, Mwalimu?

— Magodoro yangu. Na mama mukwe.

— Mama mukwe alifika?

— Alifika, anaishi, anakula.

— Basi ni magodoro. Kuko muntu alikufa juu ya ile magodoro mbele uyanunue. Tutafute mafuta ya maombi, tupake mu moteri.

— Paka, Fuzi akasema. Lakini usipake mu waya.

Hapo ndipo nami nikaingia, bila kuitwa. Niliona mkutano unakosa mpangilio. Nikachukua kopo la mafuta, nikakaa juu yake mbele ya taa za Mukimbizi, nikavaa uso wa wale wanaotuhoji.

— Jina?

— Mukimbizi, Guelord akajibu kwa sauti ya gari.

— Mwaka wa kuzaliwa?

— Sikumbuke. Tulikuwa mingi mu kiwanda.

— Ulianza kulia lini?

— Jumatatu.

— Nani alikusababisha kulia? Ulimuona? Ungemtambua?

Benchi lilivunjika mbavu. Solange alimwaga kahawa. Mtu mmoja tu hakucheka.

— Papa Kalala, Mama Gertrude akasema, polepole. Jana jioni ulikuja kwangu, ukanifundisha. Ulisema: Mama, kile ulisema mara ya kwanza njo hicho hicho, usibadilishe hata tarehe, muntu mwenye anabadilisha maneno faili yake inakufa. Nimerudilia usiku wote. Majina ya batoto, nguo walivaa, mvua ilinyesha ao haikunyesha. Sasa niko na maneno yote mu kichwa, na niko mu motokari yenye haitembei. Saa ngapi?

— Saa mbili na robo, Mama, nikasema, nikashuka kwenye kopo.

Sasa akafika mwanamke tusiyemjua, na kikombe chake mkononi. Solange akatuambia anaitwa Epiphanie, katoka Fizi, wiki moja tangu aandikishwe. Akanunua kahawa, akanywa amesimama, akamtazama Mukimbizi kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani.

— Nilimusikia toka kule kwa maji. Analia tangu lini?

— Tangu Jumatatu, tukajibu sisi sote, kama kwaya.

— Mbele ya Jumatatu alienda wapi?

— Jumapili alilala, Balagizi akasema. Jumamosi mi nilikuwa na malaria. Nikamupa Teatre huyu, akaenda Mitundu kuleta mahindi.

— Kuko matope kule?

Loo! Alikuwa amegusa wimbo wa taifa wa benchi letu kwa siku nne zile. Fuzi alifunga daftari ili atumie mikono yote miwili.

— Matope? Mama, motokari ilizama paka kwa mlango! Magunia saba ndani! Na Teatre iko yeye peke yake, barabara yote hakuna hata baiskeli moja ya kabaza ya kupita.

— Akavua shati, Guelord akaendelea.

— Akazunguka nyuma.

— Akaweka bega hapa, Guelord akaonyesha bega langu. Akaita jina ya Mungu mara tatu.

— Akasukuma paka motokari ikatoka, Balagizi akamalizia. Mi nilikuwa kitandani na homa. Aliponielezea, homa ikashuka.

Mimi nilitazama chini, kama mtu mnyenyekevu. Epiphanie akanywa funda moja.

— Alikuwa peke yake?

— Peke yake!

— Nyuma, anasukuma na bega?

— Na bega!

— Sasa kule mbele, akauliza, nani alishika usukani?

Fuzi alifungua daftari, akapekua kurasa kana kwamba jina lingekuwa limeandikwa mahali. Guelord alifungua kinywa, noti haikuja. Balagizi akanigeukia, taratibu. Nami nikatazama ndani ya kikombe changu.

— Kahawa imeisha, nikasema.

— Bwana yangu alikuwa shofa wa pamba kule Fizi, Epiphanie akasema, bila hasira. Alikuwa na motokari sawa na iyi, na viatu vya kung'aa. Kwa matope, yeye alibaki ndani, mi njo nilikuwa nashuka. Iyi motokari haitokake mu matope kwa bega. Muntu anashuka, anazungusha ile visahani viwili, kila moja katikati ya gurudumu yake ya mbele, moja huku, moja kule, magurudumu yote manne yanavuta. Ukitoka, unashuka tena, unarudisha. Usiporudisha, vyuma vya mbele vinazunguka bure siku zote, na mule ndani mafuta ni kidogo. Vinalia sababu havikuzoea kazi.

Kwa maneno hayo ya mwisho benchi zima lilijitazama miguu.

Sasa niwaambie ninyi, maana hamna daftari. Jumamosi ile, gari lilipozama, mzee mmoja mwenye jembe alisimama akanitazama nikilia. Akainama, akazungusha kisahani cha kwanza, akanionyesha nizungushe cha pili, akaniambia nivute kile kijiti kifupi kando ya gia. Nilimwambia zikomo, asante ya watu wa huku, mara kumi na mbili. Gari likatoka kama limeitwa kula. Kijiti nilikirudisha. Visahani nilivisahau, kwa sababu tangu Mitundu hadi Dzaleka nilikuwa natunga jinsi nitakavyowasimulia, na nilikuwa bado sijapata mahali pa kuweka bega. Tangu Jumatatu, Balagizi aliposema gari linalia, nilihisi ni vile visahani. Lakini nilishasema bega. Na mwenye kubadilisha maneno, faili lake linakufa.

— Papa Kalala, Mama Gertrude akasema. Badilisha.

— Mama...

— Mi sitabadilisha ya kwangu. We badilisha ya kwako. Ni saa mbili na nusu.

Nilipiga magoti kwenye vumbi, gurudumu la kushoto, mkono ukaenda wenyewe, kushoto, *ta*. Nikazunguka kulia, *ta*. Sikuuliza ni vipi, sikuuliza ni upande gani. Benchi lilitazama mikono yangu na likaelewa. Balagizi akawasha. Mukimbizi akaondoka kimya, hata kuku hawakushtuka.

Mama Gertrude alifika jina lake likiitwa mara ya pili. Aliitikia kutoka mlangoni. Walimuuliza kila kitu, hakubadilisha neno, na majina mawili ya Kigoma yakaandikwa chini ya lake. Alirudi jioni, akanipita pale kwenye benchi, akanishika bega, lile lile, akaenda zake.

Kamati, kwa kuwa ilikuwa imeundwa, ilibidi ifungwe. Fuzi akasimama akasoma ripoti mbele ya watu wote, na Epiphanie mahali pa heshima, kwenye lile kopo. Kimo: hapana. Antena: hapana. Magodoro: hapana. Kisha akavuta pumzi, akasoma mstari wa mwisho, ambao mpaka leo upo katika daftari lile:

— *Motokari haikuwa na kelele. Kelele ilianza Jumamosi jioni, hapa kwenye benchi, na inaitwa Kalala.*