Pazia la Kenga Lisiloungua

Alasiri ya joto, kijiwe chetu nyuma ya soko la Malindi huwa nusu macho, nusu usingizi. Mimi huuza kahawa hapo, ujinga nausikiliza bure. Jana Kenga, bawabu wa hoteli, alikuja na pazia kuukuu alilopewa kazini. Jeupe kama tui. Alikuwa akilipeleka Ganze, bintiye amkatie mtoto wake wa siku tisa nepi na shuka. Nikaona heri nilifukize udi kwanza, kama tufanyavyo nguo za kichanga. Nikalitandaza juu ya chetezo. Kaa likaruka, likalidondokea, nalo lisiwake. Doa jeusi, basi. Moshi ukapanda polepole, wazee wakaukodolea macho kama wanaoota ndoto moja.

— Baraka hiyo! akasema Stambuli, tumwitaye Redio kwa kuwa hazimiki.

— Baraka gani? Limetiwa dawa ya kuzuia moto kiwandani, akasema Dinesh muuza vitambaa, jina la kijiweni Mita. Akang'ata uzi wa pindo, akautafuna. — Wala si nailoni. Uzi wa miti huu.

— Nguo ya mti? akauliza Redio.

— Ehe. Mti husagwa ukawa uji, uji ukavutwa nyuzi.

— Basi ni mti ulioungua zamani. Dawa ya moto ni moto! Ushaungua mara moja, mara ya pili hautaki.

— Methali hiyo umeivaa kichwani kama suruali, nikamwambia.

Redio akafuta kikombe chake kwa ncha ya pazia, akafumba macho.

— Mtoto akilala humu ataota mvua tu. Na mvua ikisikia inaotwa, itakwenda Ganze kwenye ukame, yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Kenga hakucheka.

— Mwaka juzi koroboi ilishika chandarua. Huyu binti yangu nilimtoa nyumbani nywele zawaka. Mimi nataka kitu kisichoshika moto, basi.

Udi ukatuzunguka, hata nzi wakalegea.

Akaja Sahla, jirani yangu, kumnunulia mumewe kahawa. Mtoto kampakata, ananyonya ncha ya leso ya mamake, imelowa chepechepe.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba.

Redio akamhadithia yote, mvua na ndoto zake. Sahla akalipapasa pazia.

— Na hiyo dawa, mtoto akiinyonya?

Redio akazimika. Nikamgeukia Mita.

— Wewe ndiwe mwenye duka.

— Kuna nguo ambayo dawa imo ndani ya uzi, haitoki ovyo. Kuna iliyopakwa juu tu, hiyo yaweza kutoka ukifua.

— Hili ni lipi? nikamuuliza.

Mita akatema uzi kiganjani, akautazama. Redio akamwaga kahawa yake mchangani, taratibu, asionekane.

— Bibi, wewe wasemaje? Kenga akaniuliza.

Nikainamisha dele la kahawa nimmiminie kikombe. Likatoa machicha.

Gari la Ganze likapiga honi. Kenga akalikunja pazia, akalikunjua, akalikunja tena. Gari likapiga honi ya pili.